Maboksi Matatu na Malka Moja

Kama umewahi kupita barabara ya Garsen ukaona shamba lililolimwa kwa mistari iliyonyooka kutoka ukingo wa lami mpaka macho yanachoka, ukajiuliza ni nani aliyepita hapo, jibu ni mimi. Kama mistari ilikuwa imepinda, huyo alikuwa mtu mwingine. Naitwa Charo, lakini kuanzia Minjila hadi Chara wananijua kama Charo Rula. Jina hilo sikujipa. Nililipata juani, kwenye kiti cha chuma, na mpaka leo hakuna mwingine aliyeitwa hivyo.

Mwaka huu nimeshuka kwenye trekta. Si uzee, nywele zangu bado nyeusi nyingi tu. Ni mgongo umekataa, na mgongo ukishakataa hauna rufaa. Tangu nishuke, vijana mnakuja nyumbani kwangu na swali moja: Mzee Charo, hizi GPS za trekta ziko aina nyingi, ipi ndiyo kiboko? Mnataka nijibu kwa neno moja halafu mwondoke. Siwezi. Nimetumia tatu, za kampuni tatu tofauti, juu ya trekta langu hili hili, kwenye udongo wetu huu mweusi unaonata kama ugali mbichi. Kaeni niwaeleze. Majina ya kampuni siyataji, maana hakuna iliyonituma kuitangaza, na hata sisi wenyewe hatukuyatumia. Tuliyaita kwa rangi ya boksi la skrini: Jeupe, la Manjano, na Jeusi.

Lakini kabla ya boksi kulikuwa na mtu. Fundi Buya, Mpokomo wa Ndera, ndiye aliyenipa usukani. Mimi wazazi wangu walikuja huku delta kutoka kusini wakiwa na majembe mawili na shoka moja. Shule niliishia darasa la nne, na nilianza kwenye trekta la Buya kwa kubeba madumu ya dizeli. Siku aliyoniruhusu kulima, alifunga gunia jeupe la unga kwenye mti mrefu, akausimika mwisho wa shamba, akaniambia, "Tazama gunia. Tairi lisikuhusu, tairi linajua kazi yake." Mimi nikatazama tairi. Nikatazama nyuma kuona plau inavyogeuza udongo, nikafurahi, nikatazama tena. Nilipofika mwisho aliniambia nizime injini. "Shuka. Vua viatu. Tembea ulichoandika." Nikatembea mfereji wangu wote pekupeku, nikipinda kila ulipopinda, na akina mama waliokuwa wakipalilia shamba la pili wakaacha majembe kunitazama. Sijapata somo zuri kuliko lile. Kesho yake nilitazama gunia mpaka macho yakatoka machozi.

Basi GPS, ukiitoa manjonjo, ni gunia la Buya lililofungwa mbinguni. Setilaiti ziko juu, antena iko juu ya paa la trekta, na boksi linakuambia uko wapi. Unasimama mwanzo wa shamba unabonyeza A, unakwenda mpaka mwisho unabonyeza B, na kuanzia hapo boksi linakuchorea mistari mingine yote sambamba na ule wa kwanza. Faida yake mtaiona mkilima ekari nyingi. Dereva asiye nayo hurudia pale alipokwisha kulima kwa kuogopa kuacha kipande, halafu bado anaacha kipande. Dizeli inakwenda, na kwenye kile kipande kilichoachwa ule mti wa mathenge unaota na kukungoja na miiba yake msimu ujao.

Boksi Jeupe ndilo nililolipata kwanza. Lilikuwa dogo, kama redio ya jikoni, na halikuwa na ramani wala picha. Lilikuwa na taa tu kwa mstari. Taa ya kijani katikati maana yake uko sawa. Taa nyekundu za kushoto zikiwaka, rudi kulia. Mimi wa kwanza kuwa na kitu kile Garsen nzima, acheni niseme ukweli wangu. Watu walikuja kutazama kama wamekuja harusi. Alikuwepo Mama Sara, mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima wa mpunga, mama mmoja ambaye ulimi wake haujastaafu. Nikapanda, nikakaza macho kwenye taa, kijani, kijani, kijani, nikiwa na raha isiyo kifani, mpaka trekta likashuka pua ndani ya mfereji wa maji. Taa bado ilikuwa kijani.

Mama Sara alisogea ukingoni akachungulia. "Charo," akasema, "kumbe mashine imekuonyesha njia ya kwenda kuoga."

Kwa hiyo somo la kwanza la boksi lolote, la bei yoyote: linajua ulipo, halijui kilichoko mbele yako. Mfereji, kisiki, mbuzi aliyelala, hayo ni ya macho yako.

Jeupe lilikuwa na ugonjwa mwingine, na huu mwelewe vizuri kwa sababu wauzaji hawausemi mpaka uwaulize. Lilikuwa linatangatanga. Asubuhi nilisimika kigingi pembeni ya tairi, nikaweka alama kwenye boksi, nikaenda kunywa chai na mahamri. Narudi, trekta halijasogea, kigingi hakijasogea, boksi linaniambia niko hatua moja na nusu kando. Kwa kutawanya mbolea au kupuliza dawa siku hiyo hiyo bila kusimama, linatosha kabisa, na ni rahisi, na halivunjiki. Lakini ukilima leo ukitaka kurudi kesho kwenye mstari ule ule, litakupeleka kwa jirani.

La Manjano lilikuja baadaye, na hilo, jamani, lilikuwa linashika usukani lenyewe. Kuna mota inafungwa kwenye usukani, unafika mwanzo wa mstari, unabonyeza, na usukani unaanza kujizungusha. Mara ya kwanza niliinua mikono yote miwili kama niko kanisani. Miaka yote ile ya kukaza macho, mabega yamekufa ganzi, na sasa trekta linakwenda lenyewe, limenyooka kuliko nilivyowahi kunyoosha mimi, na mimi nimekaa nakula muwa. Nilicheka peke yangu shamba zima. Nikifika mwisho nageuza kwa mkono, nabonyeza tena, linaendelea. Jioni ile nilitembea mistari yangu pekupeku, kwa hiari yangu, na hakuna hata mmoja uliopinda upana wa kiganja.

Tatizo la Manjano ni kwamba usahihi wake linaupata kwa mtandao wa simu. Kwenye laini ya simu iliyo ndani yake linaletewa masahihisho, dakika kwa dakika. Hapa Garsen mjini, safi sana. Peleka Chara uone: mtandao unakuja kama mgeni asiyetaka kukaa, na ukiondoka, usukani unaanza kusitasita kama mtu aliyesahau alichokuwa anasema. Ndera nako kulikuwa na miti mikubwa ya kando ya mto. Ukipita chini ya majani yake, anga inafungwa na boksi linapiga kelele. Kwa hiyo usinunue boksi kwa kusikia lilivyofanya kazi kwa wenzetu wa bara. Chukua simu yako, tembea mashamba yote unayotarajia kulima, utazame mtandao unafika wapi. Hilo ni jambo la asubuhi moja, na halikugharimu chochote ila miguu.

Nililipeleka Kipini pia, kumpimia mzee mmoja nafasi za kupanda minazi. Tulipomaliza, safu zote za vigingi zimekaa kama meno ya chanuo, yule mzee akalizunguka trekta mara mbili, mikono nyuma.

"Mwanangu," akaniuliza, "hiki chombo chako chajua kibla?"

Nikamwambia kinajua pande zote za dunia. Nikakielekeza, nikamwonyesha. Akasimama, akatazama upande ule, akatazama msikiti wao, akatazama tena. "Haya," akasema. "Hakisemi uongo. Minazi ipandwe." Kama kingekosea kibla, nadhani ningeambiwa ning'oe vigingi vyote.

Sasa Jeusi. Hili ndilo nililolipenda, na ndilo lililotaka kunimaliza.

Jeusi halikutegemea mtandao. Lilikuja na kituo chake chenyewe: stendi ya miguu mitatu yenye antena juu, unaisimamisha pembeni mwa shamba, na hiyo stendi inazungumza na trekta kwa redio. Stendi haisogei, kwa hiyo inajua setilaiti zinadanganya kiasi gani saa hiyo, na inaliambia trekta lirekebishe. Unapata usahihi wa kidole. Na zaidi ya hapo, unaweza kurudi baada ya miezi, mwaka, ukasimama kwenye mstari ule ule, hata kama shamba lenyewe limefutika.

Kwetu sisi hilo neno kufutika lina uzito. Nyinyi mnajua mto wetu. Mvua inanyesha bara, sisi huku tunaletewa maji bila wingu, na maji yakiondoka yanaacha tope jipya juu ya kila kitu. Ni tope zuri, mpunga unalipenda. Lakini linafunika vigingi, mipaka, mifereji, na linafunika malka. Kwa wageni wanaosoma, malka ni njia ya mifugo kushuka mtoni, katikati ya mashamba. Wafugaji wa Orma wanakuja na ng'ombe kutoka nyikani kiangazi kikikaza, wanapita hapo, wanakunywa, wanarudi. Malka yetu upana wake ni kama hatua thelathini, na kila baada ya mafuriko watu walikuwa wanaipima upya kwa kutembea. Mkulima anapima kwa hatua fupi, mfugaji anapima kwa hatua ndefu, na mnajua hapa kwetu mabishano ya namna hiyo yanaweza kuishia wapi. Sihitaji kuwakumbusha.

Ndipo mimi, Charo Rula, nilipojitokeza. Kulikuwa na kikao cha pande mbili, kabla ya maji. Upande wa wakulima alikuwepo Mama Sara. Upande wa wafugaji alikuwepo Mzee Barisa, mtu mrefu, mpole, anayeongea polepole kana kwamba kila neno analichunga. Nikasimama nikawaambia: nipeni siku moja. Nitatembea na trekta kando ya malka, nyote mkiwa mbele yangu, na mpaka wake nitauweka ndani ya boksi hili. Maji yaje, yafunike, yaondoke. Mimi nitaurudisha pale pale, kwa upana wa kidole. Wakakubali. Mpaka wenyewe ulikuwa ni kijia cha ng'ombe kilichochimbika pembeni, upande wa mpunga, na Mzee Barisa na Mama Sara walikifuata bega kwa bega toka juu mpaka mtoni, nami nyuma yao nimewasha Jeusi. Stendi niliisimamisha juu ya chuma nilichokipigilia ardhini, kando ya stoo ya kikundi. Ilikuwa siku nzuri. Watu walinishika mkono.

Maji yakaja, yakakaa, yakaondoka. Ardhi ikakauka kiasi cha kubeba trekta, na kikundi kikaniita nilime. Watu walikuja wengi kuliko siku ya Jeupe, maana sasa kila mtu alitaka kuona malka ikifufuka kutoka matopeni. Nikafika stooni: chuma changu hakionekani, pale kuna tope mpaka magoti. Nikatazama, nikaona kituta kikavu, nikahesabu hatua tisa kutoka pale nilipodhani chuma kiko, upande wa malka, nikaisimamisha stendi hapo. Nilijisemea, setilaiti ziko mbali kule juu, hatua tisa kwao ni nini?

Nikawasha. Nikaliambia boksi litumie kituo kile cha zamani. Skrini ikawa nyekundu, ikatoa maandishi ya Kiingereza, mistari mitatu, na chini yake vitufe viwili. Vijana, hapa ndipo nataka mnisikilize. Sikuelewa yale maandishi. Kiswahili nasoma, taratibu lakini nasoma. Kiingereza cha darasa la nne kinakufikisha kwenye "paka ameketi juu ya mkeka" kinakuacha hapo. Na Mama Sara alikuwa amesimama pale chini, hatua tano, mwalimu mzima. Lakini watu walikuwa wananitazama. Nikabonyeza kitufe cha kulia, kile ambacho kwa kawaida huondoa kelele. Skrini ikarudi kijani.

Nililima siku mbili. Usukani ulijizungusha, mistari ya shambani ikanyooka kama uzi wa fundi mwashi, na ukingo wa malka ukatokea mweusi, umekatwa kama mkate. Nikajisifu mpaka nikachoka mwenyewe.

Siku ya tatu asubuhi Mzee Barisa alikuja kwa miguu, na nyuma yake wanaume kama kumi. Akasimama kwenye ukingo wangu mzuri. Akatazama upande wa pili wa malka, akatembea mpaka huko, akarudi. Hakupandisha sauti.

"Charo. Ng'ombe wetu wako njiani. Kesho saa za adhuhuri wako hapa. Hii malka imekondeana."

"Mzee, mashine haikosei."

"Sijasema mashine. Nasema malka." Akageuka kwa Mama Sara, aliyekuwa amefika na wakulima wake. "Mwalimu, tulitembea pamoja hapa. Ulimwambia alime wapi?"

"Nilimwambia alime palipo petu."

"Basi petu pamekuwa penu."

Nikawaona vijana wa pande zote mbili wanaanza kusogeleana bila kuonekana wanasogea. Wa huku na fimbo, wa huku na mapanga ya shambani. Hapo ndipo nilipoogopa. Kwa sababu kama ni malka imeliwa na jembe la mkono, watu watasema ni tamaa ya mtu mmoja. Lakini malka imeliwa na mashine niliyowaapia wote kwamba haikosei, maana yake ni moja tu: kuna aliyeiagiza.

Mama Sara akaninong'oneza, "Charo, niambie sasa hivi. Iko sawa au haiko sawa?"

Nikamwambia sijui. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alinisikia nikisema neno hilo.

Mzee Barisa ndiye aliyetutoa hapo. Akatuma mtu nyumbani kwake, karibu tu, akaletwa ng'ombe mmoja mzee, mwekundu, pembe moja imevunjika. "Huyu ni wa maziwa, hatoki nyumbani kwenda nyikani na wengine. Anakunywa mto huu tangu ni ndama, na anapita kile kijia cha pembeni, kila siku ya Mungu, kwa sababu anapenda kuiba majani ya mpunga wenu. Leo hajanywa. Mwacheni aende."

Mkulima mmoja akasema, "Sasa tunafuata ng'ombe?"

"Juzi tulifuata boksi," akajibu Mzee Barisa.

Wakamwachia juu kabisa, penye nyasi. Nikapanda trekta nikamfuata kwa mbali, nimeweka Jeusi linakili mstari wa kupinda, kazi ambayo Jeupe haliwezi, lenyewe linajua kunyoosha tu. Yule ng'ombe alikwenda mpaka penye ukingo wangu, akanusa, akaingia ndani ya yale mabonge ya udongo niliyolima. Upande wa kushoto kulikuwa na ardhi laini, angeweza kuhama. Hakuhama. Alijikwaa, akasimama, akaendelea, akipinda pale ambapo kijia kilikuwa kinapinda, akinyooka pale kilipokuwa kinanyooka, kana kwamba kwato zake zinakisikia kule chini. Watu wote walimfuata. Akafika mtoni, akainamisha kichwa, akanywa.

Nikatazama skrini. Mistari miwili: wa zamani tulioweka pamoja, na wa ng'ombe. Ilipinda sawasawa, kama mtu na kivuli chake, ila imeachana. Nikapima. Juu, hatua tisa. Katikati, hatua tisa. Mtoni, hatua tisa.

Zile zile tisa nilizohesabu stooni. Nikalirudisha trekta mpaka stooni mbio, nikazima stendi, nikaiwasha tena. Skrini ikawa nyekundu. Maandishi yale yale. Safari hii niliita.

"Mama Sara. Njoo unisomee hapa."

Akapanda kwenye ngazi ya trekta, akavaa miwani, akasoma, akatafsiri kwa sauti ili kila mtu asikie. "Inasema: kituo hakiko mahali pake pa zamani. Ukiendelea, mistari yote itahama. Je, uendelee?" Akavua miwani. "Juzi ilikuuliza hivi?"

"Iliniuliza."

"Ukajibu nini?"

"Nikabonyeza ndiyo."

"Kwa nini hukuniita?"

"Watu walikuwa wananitazama."

"Na leo hawakutazami?"

Walikuwa wananitazama, wote, wa fimbo na wa mapanga. Nikashuka. Nikasimama mbele ya Mzee Barisa, nikamwambia maneno ambayo miaka ishirini na zaidi sikuwa nimemwambia mtu, hata mke wangu nilikuwa namzungusha. Nikamwambia: Mzee, hakuna aliyeniagiza. Sijui kusoma Kiingereza. Mashine iliniambia nimekosea, sikuielewa, na niliona haya kuuliza. Hatua hizi tisa ni zangu mimi peke yangu.

Mzee Barisa akaanza kucheka polepole, mabega yakitikisika. "Mimi pia sijui," akasema. "Ndiyo maana nina ng'ombe." Na kicheko kile kikapita kutoka kwa wazee wa Orma kikaingia kwa akina mama wa mpunga, na nikaona mapanga yanashuka yanakwenda kukaa mabegani.

Tulichimba tope pale stooni, watu wa pande zote mbili, mpaka koleo likagonga chuma. Nikaisimamisha stendi juu yake. Safari hii skrini haikuuliza kitu, na mstari wa zamani ukaruka wenyewe ukakaa juu ya nyayo za ng'ombe. Kidole, vijana. Usahihi wa kidole. Mashine haikuwa imekosea hata kidogo; ilifanya kile ilichoambiwa na mtu aliyeisimamisha pabaya, na ikakosa kwa mistari iliyonyooka vizuri sana. Boksi la bei rahisi likikosea, kila mtu anaona. Boksi zuri likikosea, linakosea kwa namna ya kupendeza.

Basi mnataka jibu. Jeupe nitampa mtu wa mashamba madogo anayepuliza dawa. La Manjano nitampa aliye karibu na mji, penye mtandao na anga wazi. Jeusi nitampa anayelima tope linalofunika mipaka, mradi apigilie chuma chake kwenye zege, juu ya mafuriko, na awe na mtu wa kumsomea asichokielewa, na amwite. Yote matatu, kapime upana wa haro yako, ile ya kupasua mabonge, mwenyewe kwa futi, usiamini ulioandikwa kwenye karatasi. Futa antena vumbi. Lipe boksi dakika kumi lizikusanye setilaiti kabla hujaanza, usilikimbize. Na mimi siku hizi jioni naketi kwa Mama Sara na watu wengine wazima, tunasoma Kiingereza. Nimefika mbali kuliko wenzangu wote, mwulizeni.

Siku ile sikwenda nyumbani kula. Zile hatua tisa zilikuwa mabonge matupu, na ndama akipita juu ya mabonge ya udongo mweusi uliokauka anavunjika mguu. Nikafunga haro, nikapasua mabonge, nikapita tena kusawazisha, nikapita tena na gogo zito likiburutwa nyuma kukandamiza, juu mpaka chini, mara nyingi mpaka ardhi ikalala. Kesho yake saa za adhuhuri vumbi likaonekana, kisha kengele za mbao zikasikika, kisha wakaja, mamia, wamekonda, wanasukumana wakisikia harufu ya maji. Walipita mbele ya mpunga wa Mama Sara wakiwa wameenea malka nzima, upana wake wote, na hapakuwa na kwato moja iliyovuka ukingo, wala ndama aliyeanguka.

Mzee Barisa alipita mwisho, akasimama kando ya trekta langu. Kwenye skrini kulikuwa na kisanduku kitupu. Boksi lilikuwa linataka jina la mstari wa nyayo za ng'ombe, niliounakili upya stendi ikiwa juu ya chuma, kabla ya kuuhifadhi. Nikamwuliza yule ng'ombe wake mwekundu anaitwaje.

"Dimtu," akasema.

Nikaandika mwenyewe, herufi tano, hakuna aliyenisomea. Trekta sasa linaendeshwa na mwingine, lakini kila msimu, kabla ya plau kugusa ardhi, hilo ndilo jina la kwanza linalotokea.